Pole na Masomo

Upendo alinipigia simu nikiwa ofisini kwangu Harrow, London, namweleza mzee mmoja kwamba nyumba anayodhani ni yake ni yake kwa miaka tu iliyobaki kwenye mkataba. Nikatoka nje kwenye korido. "Dada, Mama amefariki," akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama yake ndiye mama yangu mdogo, Eliwaza, mdogo wa mama yangu mzazi, aliyenipokea London nilipokuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amelazwa tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo sikushtuka sana, na sikulia. Nilimpa Upendo pole, nikauliza ilikuwa lini, nikauliza nani yuko naye pale. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niiandike sura hii, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiiruka. "Ukija, angalia, Naomi hajui. Tumemwambia wodi imefungiwa wageni kwa sababu ya infection. Ana ule mtihani wake wa sheria keshokutwa, tumekubaliana asiambiwe mpaka amalize. Wewe unaelewa kuliko mtu yeyote." Naomi ni kitinda mimba wa Mama mdogo, ana miaka kumi na saba. Mtihani wenyewe, wa kuingilia chuo kikuu kusomea sheria, ni ule ule nilioufanya mimi, nikiishi nyumba ile ile. Upendo hakusema kwa kejeli. Alidhani kweli ninaelewa.

Jinsi nilivyotoka Same hadi Thornton Heath, kusini mwa London, ni habari ndefu ya viza na ya watu wa kanisani, na haina kazi hapa. Naanzia jikoni. Nyumba ya Mama mdogo ilikuwa nyembamba, imebanwa na nyumba za majirani pande zote mbili, na chumba pekee kilichokuwa na joto la maana ni jikoni, kwa hiyo ndiko nilikosomea mwaka mzima. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, kilichonata kwenye viwiko. Kulia kwangu kulikuwa na jiko, kushoto dirisha lililotokwa jasho kila sufuria ilipochemka, na nyuma ya kiti changu mlango wa sebuleni, ambao haukufunga vizuri. Mama mdogo alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti zisizoeleweka, akirudi na miguu imevimba. Alipika akiwa bado na sare: ugali wa unga ulionunuliwa high street, kwenye barabara ya maduka, dagaa wa pakiti, mchicha ambao haukuwa mchicha lakini tuliuita hivyo. Upendo, aliyekuwa na miaka kumi au kumi na moja, alikula akiangalia katuni. Mimi nilikula na karatasi zangu, na Mama mdogo akizisogeza ili mchuzi usizimwagikie, kwa uangalifu ule ambao watu wengine huuweka kwa mtoto mchanga. Aliuheshimu sana mtihani ule kabla hata hajajua unauliza nini.

Uliuliza jambo dogo tu. Unapewa kifungu kifupi cha habari, halafu unaulizwa lipi kati ya haya linafuata kutokana na kifungu. Majibu ni matano, na manne kati yake yametengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Aliyetufundisha ni mwalimu wa historia katika chuo nilichosoma mwaka ule kabla ya chuo kikuu, Bwana Hargreave, mtu mrefu mwenye koti lililotoka nyuzi, aliyekaa nasi wanafunzi wachache baada ya vipindi katika chumba kilichonuka chipsi za kantini ya chini. Kifungu cha kwanza nilichokikosea nakikumbuka mpaka leo. Kilisema tangu daraja la mji fulani lifungwe, maduka ya upande wa kusini yamepoteza wateja wengi, na halmashauri imetangaza kwamba daraja litafunguliwa tena mwezi ujao. Nilichagua jibu lililosema wateja watarudi. Pembeni, kwa kuwa alitaka tueleze sababu, nikaandika kwamba ni wazi pia halmashauri ina ugomvi na wenye maduka ya kusini, maana daraja halifungwi hivi hivi. Bwana Hargreave alicheka mpaka akavua miwani. "Joyce, huo ugomvi uko mstari gani? Nionyeshe kwa kidole." Haukuwepo mstari wowote. Hata wateja kurudi hakukuwepo, maana mtu akishazoea duka jingine huenda asirudi. Jibu sahihi lilikuwa lile nililoliona la kijinga: kwamba kabla daraja halijafungwa, maduka ya kusini yalikuwa na wateja wengi kuliko sasa. "Lakini hilo si wamekwisha kulisema?" nikamwuliza. "Karibu kulisema," akanijibu. "Na hapo ndipo unapotakiwa kusimama. Ukipiga hatua moja zaidi, umeleta ya kwenu."

Aliyaita hivyo, ya kwenu, na hakuwa na nia mbaya. Lakini ya kwetu ndiyo niliyokuwa nayo. Kwetu mgeni akisifu harufu ya chai unaleta kikombe. Mtu akisema amepita tu kusalimia unajua ana shida, na unangoja aitoe wakati wa kuaga, mlangoni, kana kwamba ndiyo kwanza imemjia. Mama mdogo hakuwahi kuniambia nioshe vyombo. Alisema, "Naona kwenye sinki mkutano umeanza," nami nikainuka. Mama yangu kwenye simu, Jumapili kwa Jumapili, alikuwa akiuliza, "Huko baridi, eeh?" na maana yake ilikuwa amenikumbuka. Akisema mahindi ya jirani mwaka huu yamesitawi, nilijua ya kwetu yameungua. Nililelewa nikisoma kile ambacho hakikusemwa, na nilikuwa hodari, na sasa kila wiki Bwana Hargreave ananizungushia wino mwekundu juu ya uhodari wangu.

Nikajifunza. Ilinichukua mwezi mmoja kuacha kubahatisha na miezi kadhaa kuanza kufurahia. Kuna raha yake, sitasema uongo: unakiangalia kifungu, unayaangalia majibu matamu yanayokuvuta, na unakataa moja baada ya jingine mpaka linabaki lile kavu lisilo na la kupinga. Hili linasema "wote" na kifungu kimesema "wengi". Hili linataja sababu na kifungu kimetaja mfuatano tu. Nikawa natembea na kidole changu kila mahali. Mama mdogo akisema habari za sinki, namjibu, "Umesema unauona mkutano, Mama mdogo. Hujasema niufunge." Siku ya kwanza alicheka, akanirushia taulo la vyombo. "Haya, wakili." Na Mama akiuliza kama huku baridi, namwambia ndiyo, digrii nne. Naye alikuwa akisema, "Sawa, mwanangu. Vaa soksi."

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, watu wakaanza kunipa pole. Wa kwanza alikuwa mama mchungaji. Nilirudi kutoka maktaba nikamkuta jikoni kwetu anafunua sufuria ya pilau, sufuria ya kulisha arusi, na amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali ya jinzi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana." Nikamtazama. Nadhani nilikuwa nimeanza kukunja uso, maana Mama mdogo, aliyekuwa amesimama karibu na friji, alikohoa, na mama mchungaji akaongeza haraka, "Pole na masomo." Nikashukuru. Kwetu pole ni ya kila kitu, ya safari, ya mafua, ya kubeba mizigo, kwa nini isiwe ya masomo? Siku zilizofuata wakaja wengine. Wanawake wa kanisani, waume zao na makoti yao, dada mmoja wa Croydon aliyekuwa hana kawaida ya kuja kwetu. Wote walikaa sebuleni, na mimi jikoni, na mlango usiofunga katikati yetu. Nilisikia sauti ndogo, nikasikia mtu anauliza "lini wanasafirisha?" na mwingine anajibu "ni pale pale, nyumbani", na nilipoingia kuchukua kamusi wote wakaanza kuzungumzia mabasi. Mmoja mmoja, nikipita, waliniambia pole. Pole na masomo, pole na masomo. Baadhi waliacha nafasi ndefu sana kati ya neno la kwanza na la pili.

Simu ya mezani, ambayo ilikuwa kwenye korido tangu nifike, ilihamia chumbani kwa Mama mdogo. Akasema waya umekatika. Jumapili nilipoomba kadi ya kupigia simu nyumbani akasema hajanunua, halafu akasema, "Isitoshe mama yako amepumzika. Mwache. Wewe soma." Nilihesabu saa nikaona kweli, huko ni alasiri baada ya ibada, mtu anaweza kujilaza. Maji ya moto yalikuwa yakiisha kila siku kabla sijaoga, kwa sababu Mama mdogo alijifungia bafuni na kuacha bomba wazi, nami nikalalamika, tena kwa sauti. Mambo yote yalikuwa mezani. Mtoto wa miaka mitano wa Same angeyajumlisha. Mimi pia niliyajumlisha, sitaki mtu afikiri nilikuwa mjinga. Kuna jioni nilikaa na kalamu mkononi, nikayapanga: pilau, khanga, simu, pole. Kisha nikajiuliza, Joyce, kifo kiko mstari gani? Onyesha kwa kidole. Hakikuwepo. Nilikuwa nimefundishwa kwa mwaka mzima kwamba jibu linalonitisha zaidi ndilo nililolileta kutoka kwetu, na wote waliokuwa sebuleni, watu wazima, watu wa Mungu, walikuwa wananiangalia na kunithibitishia hivyo. Nikageuza ukurasa.

Mtihani ulikwenda vizuri. Nilitoka kwenye jengo lile nikiwa mwepesi, na kwenye basi nilitabasamu na watu nisiowajua. Nyumbani nilimkuta Mama mdogo, mumewe, mchungaji na mkewe, wamekaa kuizunguka meza ya malimau. Nikadhani wamekuja kunipongeza. Kulikuwa na wali, kuku wa nazi na kachumbari. "Kula kwanza," Mama mdogo akasema. Nikala. Hiki ndicho nisichoweza kukisamehe, kuliko mengine yote: waliniacha nile kwanza. Nilikula sahani mbili, nikawa nawasimulia kifungu cha mwisho, kilichohusu mwenye kiwanda cha saa, na jinsi jibu la tatu lilivyokuwa mtego, na nikaongea na wali mdomoni, nikacheka peke yangu, na wote wanne wananitazama. Mama mchungaji aliniongezea kuku. Nilipomaliza, Mama mdogo akaniondolea sahani, akaifuta meza mbele yangu kwa kitambaa, kisha mchungaji akafungua Biblia, na hapo ndipo nilipojua, kabla hajasoma.

Mama alikuwa amezikwa. Alianguka jikoni kwake, wakamkimbiza hospitali, wakarudi naye amekwisha kufa. Walikuwa wamelia, wamekesha, wamechimba, wamefukia, wameosha vyombo, na waombolezaji wamerudi makwao. Nilianza kulia siku ambayo wenzangu wote walikuwa wamemaliza. Mama mdogo alinishika, lakini macho yake yalikuwa makavu, yamechoka, alikuwa amelia yote na bomba. Nililia peke yangu kwenye nyumba iliyojaa watu, na kila nilipopaza sauti mtu alinibembeleza ninyamaze. Leo najua kwamba kwa wiki nzima yule mwanamke alikwenda kazini akawalisha wazee wa watu, akarudi akanipikia, dada yake akiwa maiti, na hakuthubutu kulia mbele yangu. Namhurumia kwa hilo. Namhurumia kweli. Lakini msiba ule haukuwa wake wa kunitunzia.

Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Mama yako ndiye alitaka. Alisema mtoto asiambiwe mpaka amalize." Nikaliamini hilo kwa miaka kadhaa, lilikuwa kama blanketi. Halafu nilikwenda Same, nikakaa na mjomba wangu aliyemkuta Mama jikoni, akaniambia alivyokuwa: kalala kifudifudi, na hakusema neno tena. Haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Sikuhitaji Bwana Hargreave. Niliporudi nilimwambia Mama mdogo nilichoambiwa, naye aliendelea kukunja nguo. "Mimi sikukudanganya," akasema. "Nilikuambia amepumzika." Kisha akasema, "Wewe umesomea sheria, mimi sikusomea." Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo. Au niseme mimi sikuzungumza, maana yeye hakuacha. Alilisimulia kwenye mahafali yangu, akalisimulia kwenye arusi ya Upendo, mbele ya kipaza sauti: jinsi walivyomficha mtoto, jinsi walivyojikaza, na mtazameni sasa, wakili, ana ofisi Harrow. Watu walipiga vigelegele. Nilisimama nikapunga mkono. Alama zangu zilikuwa nzuri sana, sikatai, na kila kitu nilicho nacho kimesimama juu ya sahani zile mbili za wali. Ndivyo Upendo alivyokua akiisikia hadithi hii, kama hadithi ya upendo na kujitoa, na simlaumu sana kwa kuniambia ninaelewa.

Nilifunga ofisi mapema, nikachukua treni ya Metropolitan hadi katikati ya mji, na kituo cha Victoria nikapanda ya kwenda kusini. Nyumba ni ile ile, jikoni tu ndiko kumebadilishwa. Sebuleni makoti yalikuwa yamerundikwa kwenye mkono wa kochi, wanawake wamejifunga khanga, na televisheni imewashwa bila sauti ili ionekane wageni wamekuja tu kutazama. Upendo alinieleza mipango yao kwa kunong'ona: kwenye kundi la ukoo la simuni, ambalo Naomi hayumo, wamekubaliana mtu asiweke picha ya Mama wala mshumaa mpaka Alhamisi jioni. Baba mdogo, mume wa Eliwaza, alikuwa kwenye kiti chake na kofia magotini. Nikamwambia, "Baba, mtoto aambiwe." Akatikisa kichwa. "Ndivyo mama yenu angetaka." Nikamwuliza alisema hayo lini. Akaitazama televisheni. "Dada, please," Upendo akasema. "Siku mbili tu. Wewe si ulifaulu? Panda juu umsalimie, mpe pole na masomo, basi."

Nikapanda. Chumba cha Naomi ndicho nilichokuwa nikilala mimi, na kitanda kiko mahali pale pale, chini ya dirisha. Alikuwa amekaa kwenye zulia na kompyuta mapajani. Naomi huelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, na Mama mdogo alikuwa akilalamika kwamba amezaa Mzungu. Nikakaa kitandani nyuma yake, akanionyesha swali bila kuniangalia. Kifungu kilihusu kijiji ambacho wengi wa wauguzi wake wanaishi mjini. Akasema anasita kati ya la pili na la nne. Nikamwambia la nne linasema "wote". Akabonyeza la pili, ikawa sahihi, likaja swali lililofuata, akalitazama muda mrefu kuliko lilivyostahili. Vidole vyake havikuwa vinasogea. Chini nilisikia mlango wa mbele unafunguliwa na mtu mwingine anakaribishwa kwa sauti ndogo.

"Pole, Naomi," nikasema.

Hakugeuka. Akauliza, kwa Kiswahili, taratibu kama anayejaribu viatu vya mtu mwingine, "Na masomo?"

"Hapana," nikamwambia. "Si ya masomo. Mama amekufa. Amekufa jana asubuhi."

Nilitumia neno lile lenyewe, ambalo sisi hulitumia kwa kuku na mbuzi, kwa sababu yale mengine yote nilikuwa nimekwisha kuyaona kazi yake. Naomi aliifunga kompyuta. Alisema kwa Kiingereza kwamba alijua, tangu jana alijua, kila aliyempa pole alikuwa amelia. Alikuwa anangoja tu aone ni nani atakayemwambia. Kisha akaniegemea magotini na kuanza kulia, mwanzoni kwa siri, mkono mdomoni, kwa adabu ya nyumba ile.

Nikautoa mkono wake mdomoni. Halafu nikanyosha mguu, nikausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, ukabaki wazi. Kilio chake kikashuka ngazi. Sebuleni mtu mmoja akaanza kulia naye, kwa sauti, na alikuwa Upendo.